Tairi la pikipiki linapozeeka: uendelee nalo, ubadilishe moja, yote mawili, au ununue lililotumika?

Tairi lililokwisha meno halina ubishi. Ni kipara, linaonekana toka mbali, na fundi pancha yeyote atakwambia kabla hujashuka kwenye pikipiki. Ubishi huanza kwa tairi ambalo meno yapo, upepo linashika, lakini limekaa miaka. Hapo ndipo watu hukwama, na wengi huendelea kukwama mpaka tairi lenyewe liwaamulie.

Niliwahi kukwama hapo. Nilinunua pikipiki iliyotembea kidogo sana, iliyolala ndani muda mrefu, matairi yake meno marefu kabisa. Nikaona gharama ya matairi nimeiepuka. Wiki chache baadaye, asubuhi ya manyunyu, kwenye kona niliyokuwa naipita kila siku, tairi la mbele lilichepuka ghafla kuelekea nje. Mguu wangu uligusa lami, usukani ukajirudi, nikabaki juu ya pikipiki moyo ukinidunda. Niliporudi nyumbani nilichuchumaa kando ya gurudumu na kitambaa kilicholowa maji, nikasugua ubavu wa tairi mpaka maandishi yakajitokeza. Tarakimu nne: 3109. Wiki ya 31 ya mwaka 2009, nasi tulikuwa 2020. Nikabonyeza ukucha kwenye mpira, ukawa kama kisigino cha kiatu cha zamani.

Ninachotaka kusema ni hiki: tairi huisha kwa njia mbili, kwa kilomita au kwa miaka, na kabla hujachagua cha kufanya ni lazima ujue lako linaisha kwa ipi. Ukishajua, mbele yako kuna njia nne. Unaweza kuendelea nalo huku ukilikagua, kubadilisha moja tu, kubadilisha yote mawili kwa pamoja, au kununua lililokwisha kutumika. Kila njia ina mtu wake.

Vigezo vya kupimia

*Umri.* Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT. Mwishoni mwa mfululizo wa herufi na namba zinazofuata kuna tarakimu nne, mara nyingi zimezungushiwa kiduara cha yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na huna la kujadili. Usishangae usipoziona upande wa kwanza, kwa kuwa matairi mengi huandikwa tarehe kamili upande mmoja pekee, na wakati mwingine ni upande uliojificha nyuma ya mnyororo au diski ya breki.

Michelin hushauri tairi likishafika miaka 5 tangu lianze kutumika likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu lilipotengenezwa libadilishwe hata kama bado linaonekana zima. Wengi huisoma 10 hiyo kama ahadi kwamba tairi litadumu mpaka hapo. Ni ukomo wa juu, na tairi lililoishi juani au kubebeshwa mizigo mizito huweza kufa mapema zaidi. Umri si jambo la wauzaji kutafuta soko tu: tangu Februari 2021 Uingereza imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Sheria hiyo haigusi pikipiki, lakini mpira ni mpira, na pikipiki ina magurudumu mawili tu ya kuitegemea.

*Meno na umbo.* Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira, na ubavuni utaona alama TWI au pembetatu ndogo inayoelekeza vilipo. Kwenye matairi ya pikipiki vituta hivyo kwa kawaida vina urefu wa karibu milimita 0.8. Meno yakilingana navyo, tairi limeisha. Sheria hutofautiana, Uingereza inadai milimita 1 kwa pikipiki za kawaida na Ujerumani 1.6, kwa hiyo uliza ya kwako. Ila usipime kina peke yake. Simama nyuma ya pikipiki, inama, utazame umbo la tairi la nyuma. Likiwa zima ni duara kama mgongo wa samaki mnene. Lililotembea sana barabara iliyonyooka huwa bapa katikati, na ukingo wa lile bapa ndio unaokanyaga lami unapoinama kwenye kona. Pikipiki husita, kisha huanguka ndani ya kona kwa mshituko. La mbele huwa na ugonjwa wake: meno huisha kwa mawimbi, upande mmoja wa jino juu, mwingine chini, na ukipitisha kiganja unahisi kama msumeno uliobutuka.

*Hali ya mpira.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu hudanganyika. Mpira huzeeshwa na oksijeni, ozoni, jua na joto. Watengenezaji huchanganya ndani yake nta na kemikali za kinga, na kinga hizo husafiri polepole kutoka ndani ya mpira kuja juu ya ngozi ya tairi. Kinachozisukuma ni tairi kujikunja na kujikunjua linapotembea. Pikipiki iliyosimama miezi kadhaa haizisukumi, hivyo ngozi hukauka na kupasuka. Ndiyo maana pikipiki iliyotunzwa ndani kama yai, haijatembea, inaweza kuwa na tairi baya kuliko ya jirani anayeamka nayo alfajiri kila siku. Mbaya zaidi ikiwa imehifadhiwa karibu na mashine ya kuchomelea au mota ya umeme, maana cheche zake hutengeneza ozoni.

Ukaguzi wake hauhitaji kifaa. Osha tairi kwa sabuni kwanza, maana mafuta ya kung'arishia huficha nyufa, na yasipakwe kamwe sehemu inayokanyaga barabara. Kisha tumia tochi, uangalie chini ya mifereji na pale ubavu unapokutana na meno. Nyufa nyembamba kama unywele, zisizoshika ukucha, ni dalili ya uzee wa kuufuatilia. Ufa unaoingiza ncha ya ukucha ni jambo lingine. Na ubonyeze mpira: unatakiwa kubonyea kidogo na kurudi.

*Kazi unayoipa tairi.* Mtu mmoja, mwendo wa taratibu, barabara kavu ni kazi moja. Abiria na mzigo mgongoni, mteremko, mvua, au mwendo wa kasi safari ndefu ni kazi nyingine kabisa. Kwenye ubavu kuna namba na herufi kama 51P. Hiyo 51 ni uwezo wa kubeba kilo 195 kwa tairi moja, na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Vipimo hivyo ni vya tairi zima lenye upepo sahihi.

*Fedha kwa kilomita.* Bei ya dukani peke yake haisemi mengi. Igawanye kwa kilomita ambazo tairi litakupa, uongeze na gharama ya fundi.

Kuna hali ambazo hazifiki kwenye ulinganisho huu: nyuzi za ndani ya tairi zimeonekana, ubavu umevimba, ubavu umechanika au kutobolewa, meno yamefika kwenye vituta, au miaka 10 imepita. Ukiwa na mojawapo, swali lililobaki ni utanunua lipi na lini, na jibu la lini ni kabla ya safari inayofuata.

Njia ya kwanza: kuendelea nalo huku ukilikagua

*Usalama.* Inakubalika kwa tairi lenye miaka 5 hadi 7 au 8 hivi, meno ya kutosha, mpira unaobonyea, na nyufa hakuna au ni zile za unywele ubavuni. Hatari yake kubwa haionekani penye jua. Mpira mgumu hushika vizuri tu lami kavu yenye joto, na humsaliti mwenyewe siku ya maji, hasa kwenye rangi nyeupe za barabarani na mifuniko ya chuma. Ukiendelea nalo, kubali kupunguza mwendo kwenye maji na kuacha nafasi ndefu zaidi ya kufunga breki. Upepo uupime asubuhi kabla hujaondoka, tairi likiwa baridi, kwa geji na si kwa kidole. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kupita kiasi na kupata joto, na joto ndilo linalomaliza tairi zee.

*Hali ya tairi inayoruhusu.* Njia hii inamtegemea mkaguzi. Kila mwezi dakika kumi, pikipiki ikiwa juu ya stendi ya kati, zungusha gurudumu polepole mzunguko mzima. Vipande vya vioo na misumari huonekana hivyo pia.

*Fedha.* Ni rahisi kuliko zote leo. Lakini kama tairi linaisha kwa miaka, kila mwezi unaosubiri haukuongezei kilomita nyingi, kwa kuwa mwenye tairi la namna hiyo kwa kawaida hatembei sana. Unaahirisha gharama tu. Kuahirisha si kosa ikiwa fedha inakusanywa.

*Inamfaa nani.* Anayetembea safari fupi za taratibu, anayejua kulikagua na atakayelikagua kweli, na anayeweza kuiacha pikipiki nyumbani siku ya mvua. Anayebeba mtu mwingine kila siku simshauri, maana abiria hakupewa nafasi ya kusoma tarakimu zile nne.

Njia ya pili: kubadilisha moja

*Usalama.* Tairi la nyuma hubeba uzito mwingi na nguvu yote ya injini, kwa hiyo huisha kwanza. Kwa pikipiki nyingi la nyuma huisha karibu mara mbili wakati la mbele limeisha mara moja. Kubadilisha la nyuma peke yake, basi, ni jambo la kawaida kabisa ikiwa la mbele bado ni kijana.

Tatizo ni pale watu wanapobadilisha la nyuma kwa sababu ndilo linaloonekana limeisha, wakaliacha la mbele lenye meno marefu na miaka 9. Ukifunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele, na la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuisimamisha pikipiki na ndilo linaloshika njia kwenye kona. La nyuma likiteleza kidogo, mwendeshaji mwenye utulivu mara nyingi huwahi kuirudisha pikipiki. La mbele likiteleza, muda wa kuwahi karibu haupo. Kwa hiyo kama fedha inatosha moja tu, na yote mawili yako kwenye mashaka, soma tarehe za yote mawili kabla hujaamua. Mimi ningetanguliza la mbele, mradi la nyuma halijafika kwenye vituta wala halina ufa wa kuingiza ukucha.

*Hali ya tairi inayoruhusu.* Linalobaki liwe chini ya miaka 5 au 6, umbo lake la duara, bila mawimbi. Jipya lilingane nalo kwa aina: ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na usichanganye tairi la radiali, ambalo nyuzi zake za ndani hukata moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na la kawaida la nyuzi za mshazari isipokuwa mtengenezaji wa pikipiki ameruhusu. Na usihamishe la mbele kwenda nyuma kwa kuwa tu ringi zinafanana. Matairi mengi yametengenezwa kwa nafasi moja, na mshale wa mwelekeo uko pale kwa sababu.

*Fedha.* Nusu ya gharama, au pungufu kidogo. Tabia ya pikipiki hubadilika pia: nyuma jipya lenye duara na mbele lililochoka hufanya usukani uonekane mzito au mwepesi kuliko ulivyozoea. Wiki ya kwanza uiendeshe kama ya kuazima.

*Inamfaa nani.* Anayetembea sana. Huyu matairi yake huisha kwa kilomita, hayafikishi umri wa kuzeeka, na akifuata hesabu ya nyuma mara mbili, mbele mara moja, atajikuta kila awamu ya pili anabadilisha yote bila kulazimishwa na hofu.

Njia ya tatu: kubadilisha yote mawili

*Usalama.* Huna mashaka ya tarehe, umbo wala ugumu. Matairi ya aina moja ya mbele na nyuma yamechorwa yafanye kazi pamoja, mifereji ya mbele ikipasua maji na ya nyuma ikipita palipokwisha kupasuliwa. Ila jipya nalo lina siku zake za hatari. Ngozi yake hutoka kiwandani ikiwa laini na yenye utelezi, na watengenezaji wengi husema uende nalo polepole karibu kilomita 160 za mwanzo, bila kuinama sana wala kukaba breki ghafla. Watu huanguka mita chache tu kutoka kwa fundi, wakiwa na imani kubwa kwa sababu wamefunga vitu vipya.

*Hali ya tairi inayoruhusu.* Yaliyopo yawe na umri mmoja na yote yamepita miaka 7 au 8, au pikipiki umeinunua kwa mtu na hujui ilikaaje. Hapo unaondoa swali zima kwa siku moja.

*Fedha.* Ni kubwa kwa mkupuo, na kwa wengi ndicho kizuizi pekee. Kwa kilomita si ghali, kwa sababu unapata maisha yote ya tairi tangu mwanzo. Kuna faida ndogo zisizohesabiwa: magurudumu yakiwa nje, fundi anaweza kuzungusha beringi kwa kidole asikie kama zinakwaruza, akatazama pedi za breki, akakagua ringi kama imepinda na spoki kama zimelegea. Kwa matairi ya tyubu, nunua na tyubu mpya. Tyubu ya zamani imekwisha kutanuka, na ikifungwa ndani ya tairi jipya hujikunja, mkunjo unasuguana, ndipo pancha ya kwanza inapoanzia. Ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki nao ubadilishwe ukiwa umekauka. Kwa yasiyo na tyubu, badilisha vali ya mpira, maana ni ndogo na ina umri ule ule wa tairi unalolitupa.

*Inamfaa nani.* Mwenye pikipiki iliyolala muda mrefu, aliyenunua iliyotumika, anayebeba abiria, anayejiandaa kwa safari ndefu, na anayeendesha pikipiki nzito au ya kasi. Haimfai aliye na la mbele la miaka 2 lisilo na kasoro. Kulitupa ni kutupa fedha.

Njia ya nne: kununua lililotumika

Sitaidharau njia hii. Watu wenye akili timamu huichagua kwa sababu fedha waliyonayo ndiyo hiyo, na pikipiki ndiyo inayowapatia ya kesho. Ninachoomba ni uingie ukijua unanunua nini.

*Usalama.* Tairi lililotumika lina historia usiyoijua: lilibeba nini, lilitembea na upepo pungufu kiasi gani, lilianikwa juani miaka mingapi. Usilikubali likiwa limeshafungwa kwenye ringi. Lishike mkononi na ulifungue mdomo wake. Tazama ndani kwanza, kwa kuwa nje wauzaji hupaka mafuta. Ukikuta unga wa mpira, au ndani ya ubavu kumekwaruzika na kufanya mikunjo kama ngozi ya goti, tairi hilo limetembezwa bila upepo na nyuzi zake zimeumia. Angalia viraka. Kiraka kilichopigwa vizuri katikati ya sehemu ya meno, tundu dogo lisilozidi milimita 6, linaweza kuvumilika kwa mwendo wa wastani. Ubavuni, hapana. Pitisha kidole kwenye mdomo wote unaokaa kwenye ringi, usiwe umechanika wala waya usiwe umechomoza.

Kisha kuna matairi yaliyochongwa. Mtu huchukua kipara, akakichora mifereji mipya kwa kisu cha moto, kikaonekana kina meno. Tairi la pikipiki halina mpira wa ziada wa kuchongwa namna hiyo, hivyo kisu huwa kimekaribia nyuzi. Utalitambua kwa vituta vya ndani ya mifereji kukosekana, kingo za mifereji zisizonyooka, na kina kisicholingana kutoka jino hadi jino. Lirudishe, na muuzaji huyo usimrudie.

*Hali ya tairi inayoruhusu.* Niweke ukomo wangu wazi: miaka 4 kwa tarakimu za DOT, meno si chini ya nusu ya yaliyokuwapo, hakuna ufa wowote, tarehe inasomeka. Tarehe iliyofutwa au kukwaruzwa nina tafsiri moja tu kwake.

*Fedha.* Tufanye hesabu. Tairi jipya lina kina cha milimita 6, na unalitoa likifika 1, kwa hiyo umenunua milimita 5 za kutumia. Lililotumika limebaki na 3, umenunua milimita 2. Hizo ni asilimia 40 ya maisha ya jipya. Ukiuziwa kwa nusu ya bei, umelipa asilimia 50 kwa asilimia 40, na utamlipa fundi tena mapema. Kwa robo ya bei hesabu inakaa upande wako. Watu wengi hawapimi kina kabla ya kupatana bei, na kipimo chenyewe ni kijiti cha kiberiti na rula.

*Inamfaa nani.* Mwenye haja ya kufika mwisho wa mwezi, kwa gurudumu la nyuma, kwa mwendo wa taratibu, akiwa na mpango wa jipya. Kwa gurudumu la mbele siipendekezi, na nimeshaeleza kwa nini.

Kwa hali yako

Kama pikipiki inatembea kila siku na matairi hayajafika miaka 4, umri usikunyime usingizi. Fuata vituta, na ubadilishe moja moja kwa zamu.

Kama ina matairi ya miaka 5 hadi 7, meno mazuri, safari fupi, endelea nayo kwa ukaguzi wa kila mwezi na anza kuweka fedha ya mawili. Mwezi utakaoona ufa wa kwanza unaoshika ukucha, fedha iwe ipo.

Kama umenunua pikipiki kwa mtu, soma tarehe kabla hujapatana. Matairi yaliyopita miaka 8 yahesabu kama hayapo, na utoe gharama yake kwenye bei unayotoa. Mwenye pikipiki atakuonyesha meno marefu, nawe umwonyeshe tarakimu.

Kama fedha inatosha moja na yote yamechoka, soma tarehe, bonyeza mpira, tazama umbo. Lenye hali mbaya zaidi litoke kwanza. Yakilingana ubaya, la mbele litoke, na la nyuma lifuate bila kuruka mwezi. Huku ukisubiri, usibebe abiria.

Kama pikipiki italala miezi kadhaa, ijaze upepo wa kipimo, iinue magurudumu yasikanyage chini ikiwezekana, iwe gizani, mbali na mota za umeme, petroli na mafuta. Siku ya kuitoa, ukaguzi wote wa mwanzo ufanyike upya hata kama iliingia na matairi mazuri.

Na kama umeamua kununua jipya, kazi moja imebaki. Tairi linaweza kukaa dukani miaka likiwa bado na vinyweleo vyake vya kiwandani. Kabla fundi hajalipaka sabuni ya kulifungia, mwombe alishike hapo hapo, uligeuze pande zote mbili, usome tarakimu nne. Zikikuambia lina zaidi ya miaka 2 au 3, omba jingine, au omba bei ishuke. Likishafungwa kwenye ringi, hakuna atakayekubali kulirudisha.